Acheni Kusema "Pampu Yoyote Inafaa"

Kuna sentensi moja ninayoichukia kuliko zote zinazotamkwa kwenye gereji za Dar es Salaam, na nimezisikia nyingi, maana tangu nikiwa kidato cha pili Jumamosi zangu zinaishia kwenye gereji ya baba mdogo, Temeke. Si "njoo kesho". Si "hiyo spea haipo nchi nzima". Ni hii: "Weka pampu yoyote tu, itafaa." Hutamkwa mwishoni mwa kazi, injini ikiwa imeshakaa, mteja ameshapiga picha za kuwatumia ndugu, hela imekwisha na kila mtu ana hamu ya kusikia mngurumo. Sentensi hiyo ni uongo. Kibaya zaidi, wengi wanaoitamka wanajua nusu ya uongo wake.

Ninazungumzia kubadili injini kwenye magari ya zamani, yale yaliyozaliwa na kabureta, kuyapa injini ya EFI. Mtu ana gari analolipenda au alilorithi. Injini imechoka, spea zake zimekuwa adimu, na fundi aliyeijua amezeeka. Anatafuta injini ya Toyota iliyoshuka na kontena, anainunua pamoja na giaboksi na kontroliboksi, anapata fundi wa kuchomelea maunti na kurekebisha propela shafti, na baada ya wiki kadhaa gari la mwaka 1983 linapumua kwa mapafu ya mwaka 1994. Sina ugomvi na kazi hiyo. Naipenda mno. Nasoma uzamili wa uhandisi mitambo, na hakuna maabara iliyonifundisha kama injini ngeni inayolazimishwa kukaa chini ya boneti isiyoijua.

Ugomvi wangu ni wa foleni ya matumizi. Injini inalipiwa kwanza, halafu giaboksi, halafu rimu, rangi, redio na viti. Mfumo wa mafuta, yaani tangi, paipu, chujio, pampu, mipira, klipu na waya zake, unasubiri kitakachobaki mfukoni. Hata kadi ya gari inaifuata foleni hiyo: ina mahali pa namba ya injini, haina mahali pa pampu.

Gari lililonifanya niandike ni Mercedes-Benz W123, modeli ya 200, mali ya mzee mmoja mstaafu ambaye baba mdogo anamwamkia kwa mikono miwili na ambaye mimi ananiita mjukuu. W123 ilianza kuuzwa mwaka 1976 na zilitengenezwa zaidi ya milioni mbili na nusu. Kama umewahi kuona Benzi la zamani lenye taa za mstatili zilizolala, huenda ndilo. La mzee lilikuwa la kabureta. Injini aliyoichagua ni 1G-FE ya Toyota, silinda sita kwa mstari, lita mbili, ile iliyokuwa kwenye Mark II za GX90 na GX100. Ni chaguo la busara. Chumba cha injini cha W123 kilichorwa kirefu, kwa sababu baadhi ya ndugu zake walitoka kiwandani na silinda sita kwa mstari. Mzee alifika akiwa ameshanunua injini, giaboksi na rimu nne za inchi 17. Ndipo akauliza pampu ya mafuta itakuwa shilingi ngapi, kwa sauti ya mtu anayeulizia kiberiti dukani.

Kabla ya kumjibu ilibidi nieleze kabureta ilikuwa inamfanyia nini miaka yote hiyo bila kujitangaza.

Gari la kabureta la aina ile lina pampu ya diaframu iliyofungwa ubavuni mwa injini, inayosukumwa na injini yenyewe. Presha yake ni ndogo, kama bar 0.2 au 0.3. Mpira wake ukipasuka, petroli inadondoka au inachuruzika. Unasikia harufu, unasimama, unafungua boneti. Injini ikizima, kwa sababu yoyote ile, pampu nayo inakufa palepale, maana haina uhai wake. Halafu kabureta ina bakuli lenye akiba ndogo ya petroli. Gari likikata kona kali au kupanda mlima wakati tangi limekaribia kukauka, pampu inaweza kuvuta hewa kwa sekunde moja au mbili na dereva asijue chochote, kwa kuwa injini inakunywa kutoka kwenye bakuli.

EFI haina lolote kati ya hayo. Presha ni karibu bar 3, mara kumi au zaidi ya ile ya zamani. Kwa anayetaka mfano, ni zaidi ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Kwenye presha hiyo mpira uliopasuka haudondoshi, unarusha. Pampu ni ya umeme, na umeme haujui kama injini inazunguka au gari limelala ubavu mtaroni. Bakuli hakuna, nozeli zinakunywa moja kwa moja kutoka kwenye reli, na hewa ikiingia kwenye paipu inafika kwenye silinda. Ukitoa kabureta, basi, umeondoa pia breki tatu ambazo hukuwahi kuzilipia. Lazima uzirudishe kwa mkono wako na kwa hela yako, na hicho ndicho kiini cha kuchagua vifaa vya mfumo wa mafuta. Nguvu ya gari ni jambo la baadaye.

Kwenye W123 ya sedani kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi. Tangi halipo chini ya sakafu. Limesimama nyuma ya kiti cha nyuma, juu ya ekseli, kati ya abiria na buti. Ni mahali pazuri kwa ajali ya kugongwa nyuma. Wajerumani walilifikiria hilo. Lakini maana yake ni kwamba wajukuu wa mzee wakikaa nyuma, wanaegemea kiti, kiti kinaegemea bati, na nyuma ya bati ni petroli.

Nimeuona moto wa petroli kwa karibu mara moja. Ilikuwa Corolla ya KE70, gari la kabureta lililopewa injini ya EFI kwenye gereji ambayo sitaitaja, na lilizimika barabarani mbele ya gereji yetu. Dereva alibaki ndani akipiga stata. Kijana mmoja aliyekuwa anajifunza ufundi kwetu alikimbia kusaidia, akafungua boneti. Mpira wa mafuta ulikuwa umechomoka kwenye reli, na kila dereva alipoacha ufunguo kwenye "on" akipumzisha betri, pampu ilikuwa inaendelea kumwaga juu ya manifoldi ya ekzozi iliyokuwa bado ya moto. Kijana aliungua mikono yote miwili, kutoka vidole hadi viwiko. Tulizima kwa mchanga na ndoo za vumbi la karakana, na gari lilikuwa limekwisha.

Jioni ile watu wote waliopita walisema ni shoti. Ni neno linalotufaa sana hili. Shoti haina mwenyewe, haina gereji, haiitwi kituoni. Siku ya pili tulilikagua gari. Waya wa pampu ulikuwa umesokotwa moja kwa moja kwenye waya wa swichi ya ufunguo, bila rilei na bila fyuzi. Klipu ilikuwa bado kwenye ncha ya paipu, na ncha yenyewe ilikuwa laini kama mrija wa soda, haina ule ukingo uliovimba ambao huuzuia mpira usiteleze. Pampu ilikuwa nzima. Pengine bado ingefanya kazi. "Pampu yoyote" ile ilikuwa imefanya kazi yake vizuri kabisa, hadi mwisho.

Kinachouma ni kwamba dawa ya ule waya huja pamoja na injini. Toyota waliliona tatizo hili kabla yetu. Kwenye saketi yao kuna rilei ya pampu ambayo haikai imewaka kwa ufunguo peke yake; inasubiri ishara kwamba injini inazunguka. Injini ikikata, ishara inapotea, pampu inanyamaza. Rilei hiyo inashuka kwenye kontena na waya zake. Fundi anaikata kwa pilaisi kwa sababu haelewi ile waya ya tatu inakwenda wapi, anaunga pampu kwenye swichi, gari linawaka, mteja anashangilia. Ford kwa miaka mingi waliongeza na kingine: swichi ya mshtuko, kipira cha chuma kilichoshikwa na sumaku, ambacho gari likigongwa kinaruka na kukata umeme wa pampu. Ni kitu kinachoenea kiganjani. Kwenye gari lililobadilishwa injini ningekifunga hata kama rilei ipo, hasa pale tangi lilipo mgongoni mwa watoto.

Upande wa pili wa "yoyote" ni "kubwa". Hawa ni vijana wa rika langu, na nawasema bila kuwaonea haya. Kwao kila swali kuhusu mafuta jibu lake ni pampu ya lita 255 kwa saa, kwa kuwa wameiona kwenye magari ya mashindano yenye tabo. Tupige hesabu, haihitaji shahada. Injini ya petroli isiyo na tabo, ikikanyagwa hadi mwisho, inatumia kwa makadirio gramu 230 za petroli kwa kila nguvu farasi moja kwa saa. 1G-FE ya GX100 ina nguvu farasi zipatazo 140. Hiyo ni kilo 32 kwa saa, sawa na lita 44 hivi. Ongeza robo kwa ajili ya uchakavu na joto, unapata lita 55. Pampu ya lita 100 kwa saa kwenye presha ya bar 3 inatosha na kusaza.

Sasa lita 255 zinakwenda wapi? Injini inachukua inachotaka, zilizobaki regyuleta inazirudisha kwenye tangi kupitia ritani. Gari likiwa kwenye foleni ya Kariakoo, likinywa lita moja na ushee kwa saa, pampu inazungusha karibu zote zilizobaki, zinapita juu ya injini yenye joto na kurudi tangini zikiwa zimepata moto. Unachemsha petroli taratibu nyuma ya kiti cha nyuma. Na hapo bado hatujasema habari ya paipu ya ritani. Magari mengi ya kabureta ama hayana ritani kabisa, ama yana kapaipu kembamba ka kurudishia mvuke na ziada kidogo. Ukilazimisha mafuta yote hayo yapite kwenye kapaipu hako, regyuleta inashindwa, presha inapanda, injini inalishwa kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Fundi anasema sensa ya oksijeni. Mteja ananunua sensa. Moshi uko palepale. Fundi anasema kontroliboksi. Nimeona mtu akinunua kontroliboksi mbili kwa ugonjwa ambao tiba yake ilikuwa mita nne za paipu ya milimita nane.

Vitabu na video za wenzetu wa Ulaya na Marekani zinalieleza hilo vizuri. Kuna jambo moja hazilielezi, kwa sababu waandishi wake hawaishi kama sisi: sisi hatujazi tangi. Sisi tunaweka "ya elfu kumi". Bei ikiwa karibu shilingi 3,000 kwa lita, elfu kumi ni lita tatu na kidogo. Ndani ya tangi la lita 65 hizo ni kama chai iliyobaki chini ya birika. Taa ya mafuta kwenye magari yetu si onyo, ni pambo la dashibodi. Kwa gari la kabureta maisha hayo yanawezekana, lile bakuli linasaidia. Kwa EFI kila kona ni gulio la hewa, injini inakohoa, na pampu inayotegemea petroli kupozwa na kulainishwa inazunguka kavu. Ndiyo maana pampu zinakufa mapema hapa, na ndiyo maana wauzaji wa pampu wanatupenda.

Kwa hiyo kigezo cha kwanza cha kuchagua, kwa gari litakaloishi Tanzania, kiwe hiki: mfumo uweze kuishi na lita tatu. Hapo ndipo yanaingia mambo ambayo mteja hayaoni kwenye picha. Ama tangi liwe na kisima ndani, sehemu ya chini iliyozungushiwa kuta ili petroli isikimbie pampu. Ama pawe na kitangi kidogo cha pembeni, cha lita moja na nusu au mbili, kinachojazwa muda wote na pampu ndogo ya presha ya chini, halafu pampu ya EFI ikakaa humo ndani au chini yake. Kitangi hicho ndicho bakuli la kabureta lililorudi kwa sura nyingine. Kifungwe nje, chini ya sakafu, mbali na ekzozi. Si ndani ya buti mahali ambapo mvuke wake utawafikia abiria.

Kwa W123 kuna njia fupi zaidi, na nilishangaa kwamba hakuna aliyeitaja. Gari hili lina ndugu waliotoka kiwandani wakiwa na mfumo wa kupuliza mafuta: 230E, 280E. Bodi ni ileile. Tangi la ndugu hao limetengenezwa likiwa na tundu pana la kulisha pampu ya umeme, na pampu yenyewe inakaa chini ya gari karibu na ekseli ya nyuma, chini kuliko tangi. Hilo la chini ni muhimu. Pampu za EFI ni wasukumaji, si wavutaji. Ukiifunga kwenye chumba cha injini na kuitaka ivute petroli kutoka nyuma, umeihukumu. Tafuta tangi na braketi za 230E iliyokufa. Pampu ya ndugu huyo ilijengwa kwa presha ya zaidi ya bar 5, lakini regyuleta iliyo kwenye reli ya 1G itaishusha. Kabla ya pampu weka chujio la matundu makubwa, la kuzuia mchanga na kutu tu. Chujio laini likae baada ya pampu. Nimekuta mara nyingi chujio la karatasi limewekwa kabla, pampu inalia kama mbu, na mwenye gari anaambiwa ni pampu feki. Pampu inalia njaa.

Kutu, kwa gari lililolala, si jambo la kupuuza. Tangi lililokaa miaka mitano na robo ya mafuta lina ugonjwa wake. Lishushwe, lioshwe, litazamwe kwa tochi. Kazi hii ni chafu, haina utukufu, na hakuna anayeipiga picha.

Halafu mipira. Hapa ndipo bei ya uongo ilipo ndogo kuliko zote, na ndiyo maana hapa ndipo watu wanadanganywa kuliko kote. Mpira wa mafuta wa kabureta na wa EFI vinafanana ukiwa umesimama kaunta. Soma maandishi ubavuni. Kwa viwango vya SAE, J30R7 ni wa presha ya chini, mwisho wake ni psi 50. Injini yetu inasukuma psi 43 siku ikiwa na afya njema, na zaidi ritani ikibanwa. J30R9 ndio wa EFI, psi 100. J30R10 ni wa kuzama ndani ya tangi, maana mipira mingine yote imetengenezwa kwa petroli inayopita ndani, si inayoizunguka nje. Ukiweka wa kawaida ndani ya tangi utalainika na kubomoka vipande vitakavyokwenda kuziba kile ulichokilipia. Mpira usio na maandishi si mpira wa mafuta, hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake.

Klipu ziwe zile zenye kingo zilizokunjwa, zinazobana kwa bolti, si zile za matundu zinazokata mpira kama kisu cha mkate. Paipu ndefu iwe ya chuma, kama ya breki. Hii desturi ya kutumia shaba ya friji naijua asili yake: inapinda kwa mkono, inapatikana kila mtaa. Lakini shaba hiyo inakakamaa kwa mtikisiko na kupasuka, na barabara zetu si za kutikisa kidogo. Tepu nyeupe ya fundi bomba isikaribie mfumo huu. Nyuzi zake zinaishia kwenye nozeli. Silikoni nyekundu nayo petroli inaila. Waya wa pampu uwe wa milimita mbili na nusu na fyuzi yake karibu na betri, kwa kuwa waya mwembamba unaiba volti, na pampu inayoibiwa volti inatoa presha pungufu hasa pale injini inapoihitaji.

Nilipomaliza kumweleza mzee, baba mdogo alinivuta pembeni. "Msomi," aliniambia, na neno hilo akilitumia najua nimevuka mpaka, "mteja akienda kwa jirani kwa sababu ya orodha yako, kodi ya pango utalipa wewe?" Hiyo ndiyo hoja ya kweli katika mjadala huu. Hizi nyingine ni mapambo. Gereji inayotaja bei kamili inapoteza kazi kwa gereji inayosema pampu yoyote, na hakuna anayekuja kukagua tofauti. Namheshimu baba mdogo. Amenilipia ada mimi na dada zangu kwa mikono ile ile. Lakini hoja yake inamfunga yeye kwanza: siku gari likiwaka, kijana anayekimbia kufungua boneti si wa jirani, ni wake.

Wapo wanaosema suluhisho ni kutobadili kabisa, gari la zamani libaki na kabureta yake, EFI ni kulinajisi. Hawa nawapenda kwa mbali. Mwaka 1977, mashindano ya London hadi Sydney yalishindwa na W123, na ilikuwa 280E, ya kupuliza mafuta. Gari hili halijawahi kuwa na ndoa ya kanisani na kabureta.

Na wapo wanaosema watu hawana hela. Kwa mwenye teksi ya kuokotea mkate, nanyamaza, na ningemshauri akarabati kabureta yake aendelee na maisha. Ila katika kazi za namna hii nilizoziona, umaskini huwa unaanzia kwenye mfumo wa mafuta na kuishia hapohapo. Kwenye rimu haukuwepo. Nilimpigia mzee hesabu mbele yake: tangi la kuokoteza, pampu, machujio, mipira yenye maandishi, paipu za chuma, rilei, swichi ya mshtuko. Jumla ilikuwa chini ya zile rimu nne na matairi yake. Aliondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata alirudi na zile rimu kwenye Kirikuu ya kukodi, akamwuliza baba mdogo kama anamjua mtu wa kuzinunua. Zilipata mnunuzi kwa hasara. Benzi sasa linatembea na rimu zake za chuma na vifuniko vya kiwandani, na baba mdogo bado anasema nilimtisha mzee wa watu bila sababu. Rilei, hata hivyo, haikati tena. Zile waya tatu kanitaka nimchoree kwenye ukuta wa karakana kwa makapeni.

Kama una gari lililobadilishwa injini, fanya hivi kesho asubuhi kukiwa kimya, kabla pikipiki hazijaanza. Washa gari. Mwambie mtu asimame nyuma, karibu na ilipo pampu. Kata moto wa koili, injini izime yenyewe, lakini ufunguo uuache kwenye "on". Sikilizeni. Ndani ya sekunde chache pampu inatakiwa inyamaze. Ikinyamaza, subiri nusu saa, kisha ingia chini na tochi usome mipira. Ikiwa bado inaimba wakati injini imekufa, zima ufunguo, chomoa betri, na gari lisiondoke hapo mpaka fundi aje. Akifika akakuambia ni kawaida, mwonyeshe mlango.